Zabibu Iliyokataa Wekundu

Tulieni, ndugu zangu. Aliyesimama mlangoni na aingie, aketi. Mama mwenye mtoto anayelia asitoke naye, kwa maana neno la leo ni la kwake pia. Nimewaletea habari ya tunda. Najua wengi wenu mmekulia chini ya mizabibu, mkayapogoa matawi yake kabla hamjajua kusoma, na kila mmoja anadhani hakuna zabibu asiyoifahamu. Wekeni ujuzi huo chini kwa kitambo kidogo, kama mtu anavyotua mzigo ili anywe maji. Kuna tunda limetoka mbali, na lina jambo la kutuuliza.

Mtu mmoja alikuwa na shamba la zabibu katika nchi kavu ya Ugogo, ambako mvua huja kama mgeni mwenye haraka. Jina lake Ndahani. Shamba lile waliachiwa na baba yao, yeye na mdogo wake aitwaye Asheri. Katikati ya shamba ulisimama mzabibu mmoja mkongwe kuliko yote, ambao baba aliupanda kwa mkono wake mwaka aliomwoa mama yao. Zabibu zake zilikuwa nyekundu, ndogo, zenye ngozi nene na mbegu mbili tatu ndani. Watu walizila kama wote tunavyozila: unabinya, unafyonza, unatema ngozi, unatema mbegu. Kuzunguka shamba palikuwa na uzio wa miiba, na mlango wa uzio ulikuwa tawi kubwa la mgunga ambalo mtu huliburuta kufunga na huliburuta kufungua.

Mwaka mmoja wa kiangazi, majani yote ya porini yakiwa yamekauka, Asheri aliachwa alinde shamba. Akasikia kwamba kijiji cha pili wanacheza mpira. Akaenda. Alisema moyoni mwake kwamba atarudi upesi, wala hakuburuta lile tawi la miiba la mlangoni. Ng'ombe wakaingia. Walikula majani, wakavunja nguzo, wakakanyaga machipukizi, na ule mzabibu wa baba wakautafuna mpaka likabaki shina tupu, lenye urefu wa kufika magotini.

Ndahani alipouliza, Asheri alijibu, "Nilifunga, kaka. Wachungaji ndio waliofungua." Basi wachungaji wa jirani wakaitwa mbele ya baraza la kijiji, wakaaibishwa kwa kosa lisilo lao.

Lakini Asheri hakuweza kuishi na uongo ule. Haukupita muda, akaenda kwa wale wachungaji akawaambia ukweli, kisha akaenda kwa kaka yake. Akasimama mbele yake na kusema, "Kaka, ni mimi. Sikuburuta mwiba, kisha nikadanganya. Nimekosa." Alisema hivyo tu, na macho yake yalikuwa makavu.

Sasa katika kijiji kile, mtu anayekuja kuomba radhi huvua viatu, huketi chini, huja na mzee wa kumsemea, na hulia. Hivyo ndivyo walivyozoea kuitambua toba. Ndahani alimtazama mdogo wake, akaona amesimama. Akayatazama macho, akaona hayana machozi. Akamwambia, "Nenda zako. Mtu anayejuta hulia. Siku utakapojuta kweli, tutaonana uso kwa uso."

Asheri akaondoka. Akapita huku na huku, mpaka akapata nafasi ya kupelekwa Ujapani kujifunza kilimo, akawekwa chini ya mume na mke wazee waliolima zabibu milimani. Huko aliona mambo ya kushangaza. Aliwaona watu wakikishughulikia kichala kimoja cha zabibu kwa subira ambayo kwetu mtu humpa mgonjwa. Zabibu yao iliyopendwa kuliko zote waliiita Shaini Maskati. Ilipotimia miaka ya mafunzo, akarudi na vijiti vichache vilivyokaguliwa na kuruhusiwa, vimefungwa katika kitambaa chenye unyevu. Hakwenda nyumbani. Alijenga kijumba ng'ambo ya korongo la mchanga linalopakana na shamba, mahali ambapo angeweza kuliona shina la baba yake kila asubuhi wala asilikaribie.

Siku moja Ndahani alikwenda mnadani kuuza mbuzi. Mama yao akatuma neno ng'ambo. Asheri akavuka, akalipasua shina lile kwa kisu, akachomeka kijiti cha ugenini katika jeraha la mti wa baba, akafunga kwa ukanda wa mpira, akapaka nta. Kisha akavuka kurudi.

Ndahani aliporejea aliona kile kitu cheupe kilichofungwa katikati ya shamba lake. Akauliza ni mkono wa nani. Alipoambiwa, akachukua panga. Mama yake, ambaye wakati ule bado alitembea, alitangulia mbele yake, akaweka kiganja juu ya shina na kusema, "Ukikata, kata pamoja na mkono huu."

Akashusha panga. Lakini moyo wake haukushuka. Akasema, naye alisema kwa sauti ili kila aliyekuwapo asikie, "Haya, na uishi. Ila Asheri asivuke korongo kuja kwangu. Siku zabibu hii itakapoiva, nitamwita mwenyewe." Alisema hivyo akiamini kwamba kijiti kile kitakauka kabla ya mwezi kuandama.

"Nimesikia," mama yake akajibu. "Na aliye juu amesikia."

Kijiti hakikukauka. Mizizi ya baba ilikipa maji kama inavyompa mwana wa nyumba, nacho kikachipua majani mapana kama viganja vya mtu mzima. Ndahani alikuwa na hasira, lakini alikuwa pia mkulima, na mkulima hawezi kupita mbele ya kitu asichokijua bila kugeuza shingo. Kila alipokwenda kwenye mizabibu yake mingine, miguu ilimpitisha pale. Akashika jani. Akalinusa. Akahesabu vifundo vya tawi. Akajiambia kwamba anatazama tu.

Mke wake, Sechelela, alikuwa akikutana na Asheri bombani watu wanapoteka maji, naye ndiye aliyeleta maneno. "Baba Loisi, mdogo wako anasema uache kichala kimoja tu kwa kila tawi."

"Kimoja! Na vingine?"

"Ukate."

"Nikate zabibu ambazo bado hata hazijawa zabibu?"

"Na hicho kimoja kitakachobaki, chembe zake zikifikia ukubwa wa punje ya mtama, uingize mkasi utoe zaidi ya nusu. Kisha ukivalishe karatasi."

Ndahani aliguna, akasema wazimu huu umetoka ng'ambo ya bahari. Lakini alitaka kujua. Akachukua mkasi. Ilimuuma kuona chembe changa zikianguka miguuni pake, maana maisha yake yote alikuwa amefundishwa kwamba kichala kizuri ni kile kilichosongamana. Hata hivyo alikata, na zile zilizobaki zilianza kunenepa zikiwa na nafasi ya kupumua. Akavivalisha vichala mifuko ya karatasi nyeupe, na watu wa kijiji wakaanza kupita njia ya shamba lake hata kama haikuwa njia yao.

Mzee Hosea, mhunzi wa majembe, ambaye ulimi wake haukuwa na siku ya mapumziko, alisimama nje ya uzio na kuita, "Ndahani! Zabibu zako zinabatizwa Jumapili hii? Naziona zimeshavaa mavazi meupe."

"Na karamu itakuwapo," Sechelela akamjibu, "ila wewe, Mzee Hosea, hujaalikwa."

"Basi nitakuja kama mhubiri. Mhubiri haulizwi kadi."

Wakacheka. Ndahani naye alicheka, na hilo ndilo lililomsumbua baadaye, kwamba alicheka karibu na mti ule.

Basi msimu ukaenda. Mizabibu mingine shambani ilianza kubadilika: kijani ikawa waridi, waridi ikawa nyekundu, nyekundu ikakolea. Watu wakavuna. Mashina mengine yakabaki matupu. Ndahani akaenda kwenye mti wa katikati, akafungua mfuko mmoja kwa chini, akachungulia. Zabibu zilikuwa kubwa karibu kama yai la njiwa, zimebana ngozi, zinang'aa kwa ndani kama kioo kilichoshikwa juani. Nazo zilikuwa kijani.

Akafunga.

Sechelela akaja na neno jingine kutoka bombani. "Asheri anasema zimeiva."

"Ni kijani."

"Anasema haigeuki rangi. Inaiva hivyo hivyo. Anasema ule unga mweupe ulio juu yake si salfa wala dawa, ni wake yenyewe, usiufute kwa nguvu. Na mtu haimenyi. Huila nzima, na ngozi yake. Mbegu haina. Tena anasema uanzie chini ya kichala ukipanda kwenda juu, kwa sababu zile za juu karibu na kikonyo ndizo tamu kuliko zote, na ukianza na hizo, nyingine utazionea."

Ndahani akacheka kicheko kisicho na furaha. "Nimelima zabibu tangu sijaota ndevu. Zabibu isiyo na wekundu haijaiva. Huyu anataka nimwite kabla ya wakati. Zamani aliniambia mlango umefungwa, leo ananiambia zabibu imeiva. Ni mtu yule yule."

Angalieni, ndugu zangu, jinsi jibu lake linavyofanana na haki. Asheri alikuwa amedanganya kweli. Ndahani alikuwa mkulima kweli. Zabibu nyekundu huiva kwa kuwa nyekundu, na hilo nalo ni kweli. Mtu anaweza kukusanya kweli nyingi na kuzijengea ukuta.

Tena ilikuwapo desturi katika nyumba ile, iliyotoka kwa babu yao. Tunda la kwanza la mti mpya halikuguswa na kinywa cha mtu yeyote mpaka mwenye nyumba ameonja, amemeza, na amesema kwa sauti, "Ni njema." Kabla ya neno hilo mke hakula, mtoto hakula, hata mzazi hakula. Babu aliweka desturi hiyo ili mwenye nyumba awe wa kwanza kupatwa na madhara kama tunda ni baya. Aliiweka iwe ngao. Mikononi mwa Ndahani ikawa kufuli.

Asubuhi baada ya asubuhi alikwenda pale. Alifungua mfuko, akachungulia, akaona kijani, akafunga. Lakini kila alipofungua, harufu ilitoka. Haikuwa harufu ya zabibu alizozijua. Ilikuwa kama maua yaliyonyeshewa, na asali ndani yake, na kitu cha tatu ambacho hakukipatia jina. Alisimama akitafuta jina lake. Alikwenda hatua chache akarudi, akainamisha pua tena kwenye karatasi, kama mtu anayesikia wimbo nyumba ya pili na kusogea dirishani ili ashike maneno. Hakuonja. Nyuki walikuja wakatembea juu ya karatasi wakitafuta tundu, naye akawafukuza akisema nyuki hawana akili.

Wakati huo mama yao alikuwa amedhoofika. Miguu ilikuwa imemwacha, na mchana waliweka kitanda chake kivulini nje ya nyumba. Alikuwa na haja moja tu iliyobaki duniani: kuwaona wanawe wawili wamekula katika sahani moja. Hakuisema mara nyingi. Aliuliza tu, Ndahani alipokuja kumwamkia, "Imeiva?"

"Bado, mama. Ni kijani."

Siku moja aliushika mkono wa mwanawe, akausogeza karibu na uso wake. "Mkono wako unanukia nini?"

"Majani, mama. Ni majani tu."

Mmesikia? Yule aliyemfukuza ndugu yake kwa sababu ya uongo, amesimama mbele ya mama yake mgonjwa, na harufu ya ukweli iko vidoleni pake, naye anasema ni majani. Mama hakumkemea. Aliuachia mkono taratibu, akageukia upande wa korongo.

Vichala vikaanza kuharibika. Mfuko mmoja ulichanika, ndege wakamaliza kilichokuwa ndani wakaacha vikonyo. Kingine kilidondoka kwa uzito wake, siafu wakakipata. Vingine vilianza kusinyaa na kuwa na madoa ya kahawia, na Ndahani aliviokota na kuvitupa chini ya mti akisema, "Unaona? Tunda lisiloiva huoza." Hakuna jambo lililompita katika shamba lile isipokuwa hilo moja. Mwishowe kikabaki kichala kimoja, tawi la juu, upande wa korongo.

Ndipo mama yao alipoomba abebwe. Ndahani na Sechelela wakamweka kitini, wakambeba mpaka katikati ya shamba, wakamtua mbele ya mti uliokuwa wa mumewe. Akapumzika. Kisha akamwambia Ndahani avue karatasi.

Akavua. Jua la saa tatu lilipita ndani ya zabibu zile zikawaka kijani. Sechelela, ambaye siku zote alileta maneno juu yake lakini alikuwa hajawahi kuziona wazi, alishika mdomo.

"Umeona mwenyewe, mama," akasema Ndahani. "Kijani."

"Nimeona. Onja."

"Haijaiva."

"Hujaonja."

"Najua, mama. Hii ndiyo kazi yangu."

Mama akamtazama kama alivyomtazama alipokuwa mtoto mwenye homa anayekataa dawa. Akasema, "Ndahani, mwanangu, ulimi wako unaogopa nini?"

Ulimi wake haukuogopa uchachu. Uchachu ungempa haki. Kama tunda lingekuwa chachu angetema, angefunga mfuko, na Asheri angebaki ng'ambo. Ulimi wake uliogopa utamu. Kama ni tamu, basi ameapa, na hana budi kuvuka.

Akainua mkono. Akachuma moja kutoka chini kabisa ya kichala, kama alivyoambiwa, akaitia kinywani, na kinywa chake chote kikajitayarisha kutema.

Ngozi ilikatika kwa mlio mdogo ambao hata mama yake aliusikia. Nyama ya ndani ilikuwa imara, haikuteleza kama kamasi wala kunata. Ilivunjika vipande safi, na maji yake yakajaa mpaka pembeni mwa midomo. Alitafuta uchachu, kwa maana alijua uchachu hujificha karibu na mbegu. Akautafuta kwa ulimi huku na huku. Hakuukuta. Akatafuta mbegu ili aiteme. Haikuwapo. Akajaribu kuitenga ngozi, kama alivyotenga ngozi ya kila zabibu aliyowahi kula, akaona imekwisha changamana na nyama, na kumbe ile harufu aliyoifuata asubuhi zote zile ilikuwa ndani ya ngozi. Angeitema, angelitema lile jambo lenyewe. Akasimama na kinywa kilichofungwa, kilichozoea kutema, nacho hakikuwa na cha kutema. Basi akameza.

"Ni njema," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Sema wasikie," mama yake akamwambia.

"Ni njema!"

Sechelela akanyoosha mkono kwenye kichala, lakini mama akamzuia. "Hatuli bado, mwanangu. Mtu ameahidi wito."

Ndahani akashuka korongoni. Mchanga ulikuwa mkavu na miguu ilizama. Akapanda upande wa pili, akamkuta Asheri nyuma ya kijumba chake, kifua wazi, ananoa mkasi. Walikuwa hawajatazamana tangu siku ile. Ndahani akasimama mbele yake.

"Imeiva," akasema.

Asheri akaweka mkasi chini. "Lini, kaka?"

"Sijui, mdogo wangu. Zamani, nadhani."

Asheri hakulia. Macho yake yalikuwa makavu kama siku ile ya kwanza. Akaingia ndani akatoka na shati, akalivaa, akaanza kufunga vifungo. Ndipo Ndahani alipoona mikono ya mdogo wake. Ilikuwa ikitetemeka kiasi kwamba kifungo hakikupata tundu lake. Alikuwa mtu ambaye majuto yake hayakupanda machoni, yalishuka mikononi. Kwa mikono hiyo alikuwa amepasua shina, amechomeka kijiti, amefunga jeraha. Ndahani alikuwa akiitazama kazi ya mikono hiyo kila asubuhi, akisubiri machozi.

Akasogea, akamfunga ndugu yake vifungo, kimoja kimoja, kama alivyomfunga alipokuwa mdogo akienda shule.

Wakavuka pamoja. Kichala kikakatwa, kikawekwa katika sahani moja. Walikula wakianzia chini, na kila walipopanda utamu uliongezeka, mpaka zile za juu kabisa, zilizoshikamana na kikonyo, wakampa mama. Alitafuna ile ya kwanza kwa meno machache aliyobakiwa nayo, kisha akatulia akitafuta kitu kinywani.

"Natema nini sasa?" akauliza.

"Hakuna, mama," akasema Asheri. "Unameza yote."

Mama akacheka mpaka machozi yakamtoka; basi machozi yalipatikana mwisho wake, ila hayakutoka kwa yule aliyedaiwa kuyatoa. Kisha macho yake yakashuka chini ya mti, kwenye vichala vya kahawia vilivyolala pale na siafu juu yake. Wana wote wawili waliona anachokitazama. Akaomba nyingine.

Mama yule hakuuona msimu uliofuata.

Ndugu zangu, nimewaambia habari ya tunda, nanyi mmeelewa kwamba sikusema juu ya tunda. Shina ni Baba, anayekipa maji kijiti cha mbali sawasawa na tawi alilolizaa. Karatasi ni siku tulizopewa, nazo huchanika. Lakini kuhusu ile rangi ya kijani, sitaki niwafumbulie mimi. Kila mtu na ajiulize ni wekundu gani anaousubiri. Kuna mume hapa anayemsubiri mkewe apige magoti, na mwanamke yule ameamka alfajiri mwaka mzima kumchemshia maji ya kuoga bila kusema kitu. Kuna baba anayemsubiri mwanawe arudi na maneno yaliyopangwa vizuri, na kijana ameshapita mbele ya nyumba mara nyingi akijifanya ana safari. Kuna mtu anasubiri hata Mungu mwenyewe amsamehe kwa radi na moto, na msamaha umekaa mbele yake asubuhi zote hizi, kimya, kijani, unanukia.

Mnasema, bado hajajuta. Mmeonja? Mnasema, wakati haujafika. Mmeonja? Au mmefungua mfuko mkachungulia, mkafunga, mkaenda nyumbani na harufu vidoleni, na mlipoulizwa mkasema ni majani?

Siwahukumu. Najua woga ule. Ni rahisi zaidi kulinda kosa la ndugu kuliko kuupokea utamu wake, kwa sababu kosa lake hutuacha tumekaa, lakini utamu wake hututaka tuinuke. Ila vichala vilivyoanguka havirudi mtini. Kimebaki kimoja. Kimebaki cha leo.

Basi wewe uliyeapa, inuka. Acha kuitazama rangi. Onja, umeze na ngozi yake, useme kwa sauti ili nyumba yako yote ipate kula. Kisha shuka korongoni, ukamwite ndugu yako kabla mama hajaacha kuuliza.